SOMO: Kupima asilimia ya mafuta mwilini kwa futi ya fundi cherehani (soma kabla hujauliza)

Mwalimu wa Jimu, Nyakato

Swali la "nina kilo 84, mafuta yangu asilimia ngapi?" limeulizwa humu hadi limechosha, na jibu ni lile lile: kilo peke yake hazisemi. Mbeba mizigo wa mwaloni Kirumba (soko la samaki hapa Mwanza) na karani anayeshinda kitini wanaweza kulingana kilo na urefu, huyu kajaa misuli, yule kajaa kitambi. Naliandika somo lote hapa ili anayeuliza aelekezwe huku.

Njia ninayofundisha ni ya futi. Fomyula yake waliitengeneza watafiti Hodgdon na Beckett mwaka 1984 kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Ukiilinganisha na kipimo cha kumzamisha mtu kwenye maji, hukosea kama pointi 3 hadi 4, juu au chini. Kwa kitu unachoweza kukifanya chumbani kwako, hiyo ni kazi nzuri. Haifai kwa mjamzito wala kwa watoto.

1. Kagua futi. Futi iliyotumika sana hurefuka. Ilaze sambamba na tepu ya chuma ya seremala mpaka sentimita 100. Zikipishana zaidi ya nusu sentimita, nunua nyingine. Tumia upande wa sentimita, siyo inchi.

2. Pima asubuhi, umeshatoka chooni, hujala wala hujanywa chai.

3. Urefu: bila viatu, visigino ukutani.

4. Shingo. Futi ipite chini kidogo ya kongomeo, na kwa mbele iinamie chini kidogo. Legeza mabega. Usitunishe shingo: shingo ikiongezeka sentimita 2 kwa kutunishwa, mwanaume anapunguziwa kama pointi 1.5 ambazo hazikutoka popote.

5. Kiuno. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu. Mwanaume anapima usawa wa kitovu. Siyo pale anapofungia mkanda! Mwenye kitambi huvaa suruali chini ya tumbo, kisha anakuja kutuambia ana kiuno cha 34 kwa sababu suruali imeandikwa hivyo. Mwanamke anapima sehemu nyembamba kuliko zote, ambayo kwa kawaida iko katikati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua. Akipima kitovuni kama mwanaume, hesabu yote imepotoka. Vua shati, usipime juu ya nguo. Simama wima, mikono ining'inie, pumua kawaida, soma namba mwishoni mwa kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani na usilisukume nje. Futi iguse ngozi pande zote bila kuibonyeza. Ukiona imeacha alama nyekundu, umeikaza mno. Tena angalia mgongoni, maana futi hupenda kuteleza kuelekea makalioni bila mwenyewe kujua. Tumia kioo au mwite mtu akuangalizie kama imelala sawa. Pima mara tatu, kila mara ukiiondoa futi kabisa, halafu chukua wastani. Zikipishana zaidi ya sentimita 1, anza upya.

Uone uzito wa jambo hili: mwanaume wa urefu wa sm 172, shingo 38, kiuno 88 kitovuni, anapata asilimia 19.7. Huyo huyo akipima kwenye mkanda akapata 84, anasoma 16.7. Pointi 3 zimeyeyuka na hajapungua hata gramu.

6. Nyonga (wanawake tu). Miguu pamoja, pale makalio yalipojaa zaidi.

7. Hesabu. Fungua kikokotoo cha simu. Kwenye simu nyingi ukiilaza upande kitufe cha *log* kinatokea.

Wanaume: 1.0324 − 0.19077 × log(kiuno − shingo) + 0.15456 × log(urefu)

Wanawake: 1.29579 − 0.35004 × log(kiuno + nyonga − shingo) + 0.22100 × log(urefu)

Kisha gawanya 495 kwa jibu ulilopata, halafu toa 450. Usikate desimali katikati ya hesabu; subiri mwisho. Mfano wa mwanamke: urefu 160, shingo 33, kiuno 78, nyonga 102, jibu ni 33.3.

Kwa jedwali la Baraza la Mazoezi la Marekani, mwanaume wa kawaida yuko 18 hadi 24, mwanamke 25 hadi 31. Mwanaume akifika 25, na mwanamke 32, mafuta yamezidi. Wanawake wasiogope namba yao kuwa kubwa kuliko ya waume zao, miili yao inahitaji mafuta zaidi kwa uzazi na homoni.

Rudia baada ya wiki nne, saa ile ile, futi ile ile. Kupima kila siku ni kujisumbua, mabadiliko ya siku moja ni madogo kuliko kosa la futi.

---

Kijana wa Igoma: Mkuu mimi nina kilo 91, hapo mafuta ni asilimia ngapi?

Mwalimu wa Jimu: Soma aya ya kwanza.

Mpenda Mbio Buzuruga: Nimefuata kila kitu. Urefu 170, shingo 39, kiuno 94. Napata 16.2, lakini tumbo ninaliona kwa macho. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Jimu: Asante kwa kuleta namba zote, ndiyo maana nimeweza kukusaidia. Umebonyeza *ln* badala ya *log*. Vitufe hivyo hukaa jirani lakini ni hesabu mbili tofauti. Nimerudia kwa *log*: 94 toa 39 ni 55, log yake 1.7404, log ya 170 ni 2.2304. Jibu la kwanza 1.0451, la mwisho 23.6. Hakiki kikokotoo chako kwanza: log ya 100 lazima iwe 2.

Mpenda Mbio Buzuruga: Kweli, ilikuwa *ln*. Ubarikiwe.

Mama Pasiansi: Habari mwalimu. Binti yangu kaninunulia mizani ya umeme ya kupanda pekupeku. Asubuhi inasoma 31, jioni nikirudi sokoni inasoma 35. Ipi ni kweli?

Mwalimu wa Jimu: Shikamoo mama. Mizani hiyo haioni mafuta. Inapitisha umeme mdogo kutoka mguu mmoja kwenda mwingine na kupima unavyopita kwa taabu kiasi gani. Maji na misuli huupitisha vizuri, mafuta huuzuia. Umeshinda juani umekaukiwa maji, umeme unapita kwa shida, mizani inadhani ni mafuta. Nyayo kavu zenye vumbi au sugu nazo hupandisha namba. Pia njia ya umeme ni miguu kwa miguu, kwa hiyo umeme huyagusa mafuta ya tumbo kwa mbali tu, mengine ni makadirio ya umri na urefu ulioingiza. Ichukue ya asubuhi, nyayo zimeoshwa na kufutwa, upime hivyo hivyo kila mara. Mwenye betri ya moyo asipande kabisa.

Mama Pasiansi: Marahaba mwanangu. Basi jioni naiacha.

Fundi Mabatini: Nasikia kuna kipimo cha mafuta cha kubana ngozi. Mimi nina kalipa ya venia ya karakana (kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene), inasoma mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Inafaa?

Mwalimu wa Jimu: Haifai, mkuu, japo ni kifaa kizuri. Kalipa ya ngozi ina springi inayobana kwa gramu 10 kwa kila milimita ya mraba, wakati wote. Venia inabana kwa nguvu ya kidole chako: leo utakaza upate 14, kesho utalegeza upate 19. Ukipata kalipa ya ngozi yenyewe, fomyula ya watafiti Jackson na Pollock ya sehemu tatu kwa wanaume inapima kifua, tumbo sm 2 kando ya kitovu, na katikati ya paja mbele, zote upande wa kulia. Inua mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada, weka kalipa sm 1 pembeni ya vidole, usiachie mkunjo, soma baada ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa ngozi inaendelea kubonyea na namba inashuka. Usipime ukiwa umetoka mazoezini, ngozi yenye jasho huteleza.

Binti Nansio: Mwalimu, hizi fomyula zimetengenezwa Marekani. Zinatufaa sisi huku?

Mwalimu wa Jimu: Swali zuri sana dada. Namba 495 na 450 za hatua ya 7 ni za mtafiti aitwaye Siri, mwaka 1961. Yeye alichukulia kwamba mwili ukiondolewa mafuta yote, kila sentimita ya ujazo ina gramu 1.100. Mwaka 1984 Schutte na wenzake waliwapima wanaume weusi wa Marekani wakapata 1.113, yaani uzito mkubwa zaidi kwa ujazo ule ule. Fomyula yao: 437.4 gawanya kwa jibu la kwanza, toa 392.8. Yule mwanaume wangu wa 19.7 anakuwa 22.3. Kwa hiyo huenda Siri anatupunguzia kidogo. Lakini waliopimwa ni wanaume, tena wa Marekani, usiihamishie kwa mwanamke. Na anayetaka kufuatilia mwenendo wake achague fomyula moja abaki nayo. Ukibadilisha katikati utaona mafuta yamepanda na hayajapanda.

Binti Nansio: Nimeelewa. Kwa hiyo nisijilinganishe na mtu aliyetumia nyingine.

Mwalimu wa Jimu: Hapo hapo.

Baharia Kamanga: Hii futi ni uongo. Imenipa 27 na mimi nacheza mpira kila Jumapili.

Mwalimu wa Jimu: Leta urefu, shingo, kiuno, na useme ulipima wapi. Mpira wa Jumapili haumo kwenye fomyula.

Baharia Kamanga: Nilipima juu ya fulana na sweta.

Mwalimu wa Jimu: Hatua ya 5.

Kijana wa Igoma: Vipi kufunga nailoni tumboni na kukimbia? Jamaa yangu kiuno kilipungua sm 2 siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Jimu: Kilichotoka ni jasho, na nailoni ilibana tumbo. Akinywa maji na kulala, zinarudi. Na kukimbia umejifunga hivyo kwenye jua la mchana ni hatari, mwili unashindwa kujipoza. Anayetaka kiuno kipungue kweli apunguze kipande cha ugali, abakize samaki. Sato wa kuchemsha au dagaa waliokaangwa bila kuogelea kwenye mafuta wanashibisha na wanalinda misuli. Dagaa wa chumvi waloweke kwanza, chumvi hushikilia maji mwilini na mizani ya umeme hubabaika.

Mvuvi wa Ukerewe: Na futi itunzwe vipi? Yangu imejikunja kama mkia wa mjusi.

Mwalimu wa Jimu: Usiiache mtumbwini wala mbele ya kioo cha gari, jua huipinda na kuirefusha. Izungushe bila kuikaza, iweke kwenye kopo lenye mfuniko. Hiyo yako iliyojikunja haitalala sawa mgongoni, itoe kwenye kupima mwili ubaki nayo ya kupimia nyavu.