Jinsi ya Kuchagua Risasi za Bunduki ya Wenzo kwa Mnyama Mkubwa

Wawindaji wengi huanza kwa kuuliza risasi ipi ina kasi zaidi. Kwa bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kusukuma chini wenzo wa chuma ulio chini ya triga na kuurudisha, swali la kwanza ni magazini.

Hatua ya 1: Tazama magazini. Winchester 94, Marlin 336 na nyingi za jamii hiyo hubeba risasi ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu. Risasi hupangwa kwa foleni, ncha ya moja ikiegemea fataki (kile kitako kidogo kinachowasha baruti kikigongwa) ya iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali na ngumu, bunduki inaporuka nyuma inaweza kuigonga fataki hiyo, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, pale pale mkono wako uliposhika. Kwa hiyo chukua kichwa, yaani ile sehemu ya risasi inayotoka kwenye ganda na kuruka, chenye ncha bapa. Kuna pia vichwa vyenye ncha ya plastiki laini inayobonyea kwa kidole, kama LEVERevolution za Hornady, vilivyobuniwa kwa ajili ya bomba. Plastiki ngumu ya vichwa vingine usiiingize humo hata kidogo. Browning BLR na Savage 99 hazina bomba, kwa hiyo ncha kali hazina shida.

Hatua ya 2: Soma mtutu, kisha soma sanduku. Kaliba, yaani saizi ya risasi iliyoandikwa kote kuwili, lazima ilingane, lakini hilo peke yake halitoshi. Risasi ya .45-70 ilianza mwaka 1873, na zipo za leo zenye shinikizo kubwa ambazo Marlin 1895 ya kisasa inazihimili ilhali bunduki kongwe za kaliba hiyo hiyo zinaweza kupasuka. Tena hakikisha sheria ya unakowinda inaruhusu kaliba hiyo kwa mnyama huyo.

Hatua ya 3: Chagua kichwa kwa kumfikiria mnyama. Hapa usiharakishe. Kichwa kisipofika kwenye moyo au mapafu, mnyama ataondoka na jeraha na kufa kwa mateso porini. Kwa swala au kulungu, kaliba ya .30-30 yenye kichwa laini cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) inatosha; kwa mwenye mwili mzito zaidi mimi huchukua 170, kwa sababu katika kaliba ileile kichwa kizito, kikiwa na muundo uleule, huzama zaidi. Dubu mkubwa au nyati ana mifupa minene ya bega, na kichwa laini kinaweza kutanuka mapema na kuishia kwenye misuli. Hapo tafuta .45-70 yenye kichwa kigumu cha aloi ya madini ya risasi, bapa, cha greni 400 hivi, au cha shaba tupu. Hicho cha aloi ngumu hakitanuki sana. Kazi yake ni kupenya moja kwa moja, na ule ubapa wa ncha ndio unaofungua jeraha.

Hatua ya 4: Ijaribu kwenye bunduki yako. Jaza magazini uwanjani na ukoki risasi zote kwa mwendo wa kuwinda. Ikikwama hata moja, achana na aina hiyo. Kagua pia kama kuna kichwa kilichosukumwa ndani ya ganda na springi ya bomba. Kisha piga shabaha mita 50, halafu 100. Ncha bapa hupoteza kasi upesi, na kwa .30-30 ya kawaida mimi sifyatui kwa mnyama aliye zaidi ya mita 150.