Somo: Kupatana bei soko la Mutrah, Maskati

Kila mwezi naulizwa lilelile: "Naenda Maskati, nitapunguziwaje bei sokoni?" Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Nenda asubuhi kabla ya saa sita, au jioni baada ya saa kumi na moja. Mchana wanafunga. Ijumaa asubuhi usijisumbue.

2. Ukiona meli kubwa ya watalii bandarini, nenda kesho yake.

3. Badilisha pesa kabla hujaingia. Riali moja ni baisa 1,000, kama dola 2.60. Mtu husikia "kumi" akaona rahisi, kumbe ni dola 26.

4. Pita maduka matatu kwanza bila kununua.

5. Chunga ulimi. Safari yangu ya kwanza nilikwenda na dada yangu. Mzee mwenye duka la fedha akatutajia bangili riali 35. Nikamwambia dada, kwa Kiswahili na kwa sauti ya kawaida, "Hata thelathini nampa, hii siiachi." Mzee akainua uso: "Basi lete thelathini, mwanangu." Kiswahili cha Unguja kabisa. Nikalipa, maana ningesema nini tena? Duka la tatu kutoka pale nikakuta inayofanana nayo kwa 18.

Waomani wengi wamezaliwa Zanzibar, au wazee wao wametoka huko. Wapo waliohama baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine walirudi kuanzia 1970 Sultan Qaboos alipowaita. Kwa hiyo kiwango chenu kipangieni hotelini. Mbele ya muuzaji usitaje namba kwa Kiswahili, usisifu kitu, usinong'one. Lakini ukianza wazi na "Shikamoo mzee", Kiswahili hichohicho kinakufaa: atakuuliza kwenu wapi, mtaongea, na bei huwa inalegea.

6. Mwache ataje yeye kwanza. Mimi huanza nusu na kidogo juu. Akikubali bei uliyoitaja, nunua; kuondoka hapo ni kukosa adabu.

MASWALI

Mdau wa Arusha: Ubani kilo bei gani?

Jibu: Inategemea daraja. Soma hatua ya 4.

Mdau wa Arusha: Si utaje makadirio tu?

Jibu: Nikitaja utaing'ang'ania namba yangu hata mbele ya ubani mbovu. Hatua ya 4, ndugu.

Mdau wa Tanga: Marehemu bibi alikuwa akifukiza ubani kila Alhamisi. Nataka kujua, mzuri unatambulikaje?

Jibu: Mwenyezi Mungu amrehemu. Daraja la juu wanaliita hojari, unatoka Dhofar, kusini mwa Oman. Chembe zake ni kubwa, nyeupe au zenye ukijani hafifu, ukiziinua juani zinapitisha mwanga. Wenye rangi ya kahawia na vipande vya magome ni wa chini. Mwombe achome chembe moja kwenye chetezo. Mzuri unanukia kama limau. Ukirudi, hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko.

Mdau wa Mombasa: Nimeona riali ya Maria Theresa ya 1780. Ni ya kale kweli?

Jibu: Huo mwaka haukwambii umri. Ndio mwaka aliokufa mtawala huyo wa Austria, na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi leo. Ilitumika Oman na kwetu Zanzibar pia. Lipa uzito wa fedha, usilipe hadithi.

Mdau wa Dodoma: Jambia naweka begi la mkononi?

Jibu: Hapana. Ni kisu hicho! Begi la kupakia. Na mpini ukiwa wa pembe ya kifaru au ndovu, uache kabisa, utashikwa uwanja wa ndege.

Mdau wa Unguja: Niongeze la kofia. Geuza ndani. Ya mkono, kila kiua kimezungushiwa uzi kikakamilika pande zote mbili. Ya mashine, ndani nyuzi zinapita ovyo.

Jibu: Ahsante sana, hili sikulijua. Na za watoto ziko hivyohivyo?

Mdau wa Unguja: Hivyohivyo. Ila pima kichwa kwa uzi kabla hujasafiri, zikifuliwa hupungua.