SOMO: Nobu na vitufe vya skana ya redio, kwa aliyenunua akaishia kusikia shhhhh

Habari za saa hizi wakuu. Ndani ya wiki mbili nimepigiwa simu na watu watatu hapa Dallas, wote swali moja, "nimenunua skana ya redio (ile redio ya kusikiliza tu mawasiliano ya ndege, treni, wazimamoto na wengine) inapiga kelele tu, nimeuziwa mbovu?" Sio mbovu. Hiyo skana ni nzima ila we na yeye hamjajuana bado, na sikulaumu maana kile kitabu chake kimeandikwa kama vile msomaji kazaliwa na redio mkononi. Kwa hiyo naandika mara moja hapa, mwingine akinipigia namtumia hii nikalale.

Mfano wangu ni Uniden BC125AT, ndo niliyonayo mi na ndo wengi wanaanzia hapo. Ya mkononi, betri mbili za AA, chaneli 500 zimegawanywa kwenye benki 10, yaani makundi, kila benki chaneli 50. Kama yako ni nyingine majina ya vitufe yatatofautiana kidogo ila kazi ni zilezile.

Kilichonifanya ninunue ni usiku ule wa tarehe 7 Aprili 2017, waliokuwa Dallas wanaukumbuka. Ving'ora vya jiji vya tahadhari ya kimbunga vyote 156 vililia, vilianza saa sita usiku inakaribia vikaja kunyamaza saa saba na kitu, na kimbunga hakipo. Baadae ikajulikana kuna mtu alirusha zile toni za redio zinazoamsha ving'ora. Sisi tumekaa sebuleni na watoto tunatazamana, tukimbilie bafuni au tulale? Hakuna wa kutuambia. Kumbe hali ya hewa ina redio yake masaa 24 na skana inaishika, sikujua.

Sasa kabla hujagusa kitufe chochote shika hili: skana ina sikio MOJA. Watu wanadhani inasikiliza chaneli zote 500 kwa mpigo, hapana. Ni kama mlinzi wa usiku kwenye gesti, anapita kwenye korido anaweka sikio mlango wa kwanza, kimya, wa pili, kimya, wa tatu kuna watu wanaongea, anasimama. Wakinyamaza anavuta subira kidogo wasije wakaendelea afu anaondoka. Anapita haraka sana, makumi ya milango kwa sekunde, ila ni mlinzi mmoja na sikio moja. Vitufe vyote unavyoviona pale ni maagizo unayompa huyu mlinzi, ukielewa hivyo nusu ya kitabu huna haja nayo.

HATUA YA 1: Betri na antena
Betri weka, antena funga mpaka iingie vizuri. Kama unatumia betri za kuchaji hakikisha ile swichi ndogo ndani ya mfuniko wa betri ipo upande wa Ni-MH, na kama ni betri za kawaida za dukani usithubutu kuzichaji, zinavuja na zinaharibu kifaa. Basi.

HATUA YA 2: Skwelchi (hapa ndo wanapokwama wote)
Nobu ya sauti kila mtu anaijua. Ya pili, imeandikwa SQ au Squelch, ndo yenye kesi. Kazi yake ni kumwambia mlinzi "kelele ya kiasi gani uihesabu kuwa ni mtu anaongea". Hewani hakuna kimya cha kweli, chaneli isiyo na mtu ina ule mvumo wa shhhh muda wote. Sasa ukiacha skwelchi chini kabisa mlinzi anausikia ule mvumo mlango wa kwanza anadhani ni mazungumzo, anasimama palepale mpaka asubuhi, we unasema skana imegoma kuskani. Ukipandisha juu kabisa kwa hasira umeshamziba masikio, anapita milango yote anasema kimya kumbe watu wanaongea, ila kwa mbali.

Fanya hivi. Simama kwenye chaneli ambayo haina mtu. Shusha nobu mpaka mvumo utoke. Afu zungusha polepole, polepole kweli, pale tu mvumo unapokatika ongeza kidogo sana, kama unyayo wa sisimizi, acha. Ukihamia sehemu nyingine, mfano umetoka nyumbani umeenda karibu na uwanja wa ndege, rudia tena maana kelele za hewani sio sawa kila mahali. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, televisheni, vyote vinatoa uchafu kwenye redio. Mi jikoni kwangu kuna taa moja, nikiiwasha tu skana inaanza kuunguruma.

HATUA YA 3: Anza na WX
Usianze na polisi. Nenda kwenye hali ya hewa, kitufe chenye WX. Marekani kuna chaneli saba za redio ya hali ya hewa, kuanzia megahezi 162.400 mpaka 162.550, mara nyingi moja au mbili kati yake utazipata kwako. Hii inarusha bila kusimama kwa hiyo ni kipimo kizuri, ukisikia ile sauti ya kompyuta inasoma upepo na joto ujue skana, antena na masikio yako vyote vizima. Ukiiacha kwenye tahadhari inakaa kimya mpaka ile toni ya hezi 1050 ipigwe kabla ya onyo, ndo inakuamsha. Tofauti na king'ora cha nje, hii inakwambia ni nini, kipo kaunti gani na kinaelekea wapi.

HATUA YA 4: Kuingiza chaneli, na yale maneno AM, FM, NFM
Kuingiza namba ni rahisi, unasimama kwenye chaneli tupu unaandika masafa unakubali, kama una kompyuta unganisha waya wa USB ufanye kwa programu, vidole vitakushukuru. Shida inakuja kwenye modi, yaani namna sauti inavyobebwa kwenye wimbi. Ndege wanatumia AM, sauti zao zipo kati ya megahezi 118 na 137. Wengi wanashangaa mbona AM ni ya kizamani, sababu ipo: kwenye FM watu wawili wakiongea kwa pamoja mwenye nguvu anamfunika mwenzake kabisa kama vile hayupo, kwenye AM unasikia vurugu na mluzi, muongozaji anajua kuna wawili wameongea anawaambia warudie. Kwa ndege hilo ni suala la uhai. Ukiweka FM kwenye chaneli ya ndege utasikia makorokoro tu.

Treni, wazimamoto wa vijijini na walinzi wa majengo wanaotumia redio za kawaida weka NFM, yaani FM nyembamba. Toka tarehe 1 Januari 2013 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliwalazimisha wengi wao wabane chaneli zao, ukiacha FM pana utawasikia ila sauti iko chini kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Mara nyingi Auto inatosha, ila ukiona sauti ndogo angalia hapo kwanza.

HATUA YA 5: Kumuongoza mlinzi
SCAN, anaanza kuzunguka. HOLD, anasimama hapohapo haondoki hata pakiwa kimya. Namba 1 mpaka 0 wakati inaskani zinafungua na kufunga benki, kwa hiyo panga kwa akili, benki 1 ndege, benki 2 treni, benki 3 wazimamoto, ukikaa uwanja wa ndege unafunga nyingine zote. Ukijaza kila kitu benki moja utajuta.

L/O ndo rafiki yangu mkubwa. Ina maana mlango huu uruke. Kuna chaneli ina kelele muda wote, au mashine inatuma data inalia krrr krrr, bonyeza mara moja airuke kwa muda, mara mbili haraka airuke moja kwa moja. Nimekutana na watu wameishi na hiyo krrr miezi mitatu.

Delay ni ile subira, kawaida sekunde mbili, usiizime maana utasikia swali jibu lisikufikie, mlinzi keshaondoka. Priority ni mlango mmoja unaomwambia kila sekunde mbili arudi kuuchungulia hata kama anasikiliza kwingine, raha yake ni pale chaneli muhimu inaposhtuka, karaha yake ni kwamba unayemsikiliza anakatikakatika. Mi nimeizima.

HATUA YA 6: Search na Close Call
Scan ni milango uliyoiandika mwenyewe, Search ni kutembea mtaa mzima kugonga kila mlango kutoka masafa haya mpaka haya. Close Call inakamata redio yoyote yenye nguvu iliyo karibu hata kama hujui masafa yake, kaa nje ya mechi au jengo kubwa uone. Ukikuta chaneli moja inatumiwa na makundi mawili, kuna toni za CTCSS, milio ya chini inayorushwa pamoja na sauti, hezi 67 mpaka 254.1, unaweka toni ya unaowataka tu, wengine mlinzi anawapita.

Na la mwisho nilimaanisha kuanza nalo: kusikiliza na kutumia ulichosikia ni vitu viwili tofauti. Usichukue ulichosikia ukakifanyia biashara, sheria ya shirikisho inakataza, wala usikimbilie eneo la tukio, akili inakataza.

MASWALI

Mama Neema: Asante kaka kwa somo. Mi yangu polisi siwasikii kabisa, nimeweka masafa sawasawa nasikia mlio kama nyuki.
Jibu: Huo mlio ni dijitali dada, mfumo wa redio unaoitwa P25. Hii BC125AT ni ya analogi, haiwezi kuifungua hata uizungushe vipi, inatakiwa skana ya dijitali na hizo bei yake ni ada ya mtoto. Na kabla hujanunua uliza kama polisi wa mji wako wamefunga mawasiliano kwa msimbo wa siri, kama Denver walivyofanya 2019, wakishafunga hakuna skana ya dukani itakayokusaidia.

Juma wa Columbus: Mkuu nina Baofeng UV-5R ya dola kama 25, si ni kitu kilekile?
Jibu: Sio. Hiyo ni redio ya kuongea inayojua kuskani kidogo, mlinzi wake anatembea kama ana kidonda mguuni. UV-5R ya kawaida haipokei AM kwa hiyo ndege sahau. Na ina kitufe cha kurusha, ukikaa juu yake kwenye gari umeingilia mtu. Kama unataka kuongea fanya mtihani wa Technician, leseni ya kuanzia ya redio ya ridhaa, maswali 35, ukipata 26 umepita.

Baba Imani: Shikamoo wote mnaostahili. Niko Minnesota, naweza kuweka kwenye gari?
Jibu: Marahaba kwa niaba yao haha. Mzee wangu kwako hapo kuwa makini, Minnesota ina sheria inayobana skana ndani ya gari, vilevile Indiana, Kentucky, New York na Florida, kila moja na masharti yake. Nyumbani sikiliza, ya gari soma kwanza sheria ya jimbo.

Pwani Yetu: Nikienda nayo Mombasa au Dar itafanya kazi?
Jibu: Kufanya kazi itafanya, ndege ni zilezile 118 mpaka 137 kwa AM, meli chaneli 16 ni megahezi 156.8 dunia nzima. Ila vifaa vya redio kule vinasimamiwa, Kenya ni CA na Tanzania ni TCRA, waulize kabla hujapanda ndege, sio ukiwa umeshafika forodhani begi liko wazi. Zile chaneli saba za hali ya hewa kule hazipo.

Fundi Kasim: Antena gani ni nzuri? Hii fupi naona haivuti.
Jibu: Chukua 75 gawa kwa megahezi, unapata mita za robo wimbi. Ndege 127 ni kama sentimita 59, treni 161 ni sentimita 47, za 460 ni sentimita 16. Kwa hiyo fupi inakufaa juu huko, kwa ndege nunua ndefu. Ila kabla ya hela, isogeze dirishani.

Mama Neema: Kaka nimerudi. Nimerekebisha ile skwelchi kama ulivyosema, imetulia! Ila kwenye chaneli ya treni kuna jamaa anaongea kama roboti, anataja namba afu "no defects", ni nani huyo usiku wote?
Jibu: Hahaha sio mtu dada. Ni kifaa kipo pembeni ya reli, treni ikipita kinapima joto la beringi na kuhesabu ekseli, afu chenyewe kinamtangazia dereva. Andika hayo masafa benki 2. Na angalia ile namba anayoanza nayo, mara nyingi ni maili ya reli, kwa hiyo utajua treni imefika wapi kabla haijakufungia njia pale kwenye kivuko.