SOMO: Kuchagua kamera ndogo ya kuingia nayo majini

Somo hili ni la mtu anayetaka kamera ya mfukoni ya kwenda nayo Mnemba, Kisite au Watamu, aogelee na miwani na mrija wa kupumulia, awapige picha watoto wakicheza ufukweni, kisha airudishe nyumbani nzima. Wazamiaji wa mitungi wana mahitaji mengine.

Wanunuzi wengi huanza kuuliza megapikseli. Anza na mlango wa betri. Picha ya kamera hizi zote inafanana kuliko matangazo yanavyodai, ila mlango ukipitisha maji mara moja tu, kamera imekwisha.

Hatua ya 1: Pima kina utakachofika

Kwa miwani na mrija utakuwa kati ya uso wa maji na mita 4 au 5. Nikon W150 imeandikwa mita 10, Ricoh WG-80 mita 14, Olympus TG-6 na mrithi wake OM System TG-7 mita 15, Kodak WPZ2 mita 15, Fujifilm XP140 mita 25, Nikon W300 mita 30, Panasonic FT7 mita 31. Kwa matumizi yetu mita 10 zinatosha na mita 15 zinakupa akiba. Usiongeze pesa kwa ajili ya 30 peke yake.

Lakini elewa namba hizo zinasema nini. Ni kipimo cha kamera mpya, sili zake (mipira ya kuzuia maji) safi, kwenye maji yaliyotulia. Kila mita 10 huongeza takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mlango wa sentimita 3 kwa 4 ukiwa mita 5 chini unasukumwa kwa kilo 6 hivi. Ukiruka na kamera mkononi kutoka ubavuni mwa ngalawa, kishindo cha maji kwa sekunde hiyo kinaweza kuzidi mgandamizo wa kina utakachofika. Shuka taratibu, au upokezwe kamera ukiwa tayari majini.

Kifaa kilichoandikwa IPX7 kiache dukani. Alama hiyo ni mita 1 kwa dakika 30, yaani kinga ya kuanguka kwenye beseni.

Hatua ya 2: Kagua mlango

Hapa chukua muda wako, hata muuzaji akikuharakisha.

Fungua mlango wa betri na kadi. Utaona mpira mwembamba umezunguka, ama kwenye mlango wenyewe ama kwenye mwili wa kamera. Hiyo ndiyo sili. Ipitishie kidole kikavu polepole: iwe laini, isiwe na mkato, isiwe imelala upande mmoja. Kisha tazama ukingo unaogusana nayo. Mkwaruzo mmoja hapo ni mfereji. Unywele mmoja au chembe ya mchanga iliyobanwa chini ya sili inatosha kupitisha maji, na mara nyingi hupitisha karibu na uso wa maji, kwa sababu huko hakuna mgandamizo wa kutosha wa kuusukuma mlango ukae sawasawa.

Chagua mlango wenye kufuli mbili, yaani kitasa cha kufunga na kitufe cha pili cha kukizuia kisifunguke kikikwaruzwa na kamba au mfuko. Hesabu na milango yenyewe. Kamera yenye mlango mmoja kwa betri, kadi na waya wa chaji ina sehemu moja ya kutunza. Yenye miwili ina mbili.

Hatua ya 3: Lenzi

Kwenye kamera hizi lenzi haichomozi. Mwanga huingia kwa dirisha dogo, hupindishwa na kioo cha pembe, na vioo vya kuvuta karibu (zoom) husogea ndani kwa ndani. Ndiyo maana hakuna mwanya wa kupitisha maji, na ndiyo maana pia lenzi na sensa, kile kipande kinachonasa picha, ni ndogo.

Soma namba ya f, yaani kipimo cha tundu la lenzi, upande wa picha pana. TG-6 na TG-7 ni f/2.0, W300 ni f/2.8, XP140 ni f/3.9. Lenzi ya f/2.0 huingiza mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.9. Chini ya maji tofauti hiyo utaiona: maji hula mwanga, kamera yenye tundu dogo la lenzi hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, na samaki hutoka na chengachenga.

Tazama pia upana. Lenzi inayoanzia milimita 24 au 25 ni bora kuliko ya 28, kwa kuwa kila kitu majini huonekana kikubwa kwa theluthi moja na picha hubana. Habari ya kuvuta karibu isahau kabisa majini. Sogea wewe, uwe ndani ya mita moja, kwa sababu kila sentimita ya maji kati yako na samaki inaondoa rangi na ukali wa picha.

Hatua ya 4: Sensa na megapikseli

Karibu zote zina sensa ya milimita 6 kwa 4.5 hivi. Megapikseli 12 kwenye eneo hilo zinatosha. 20 hazikuletei samaki aliye wazi zaidi. Chenye faida ni uwezo wa kuhifadhi picha kwa mfumo wa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kama TG-6 na TG-7, maana rangi nyekundu hupotea mapema majini na RAW hukupa nafasi ya kuirudisha kwenye kompyuta. Usipokuwa mtu wa kompyuta, hakikisha tu kuna modi ya chini ya maji, ile yenye alama ya samaki.

Hatua ya 5: Vitufe, kamba na kadi

Jaribu vitufe ukiwa umelowesha vidole. Kioo cha kugusa hakifanyi kazi majini, kwa hiyo kila jambo la lazima liwe na kitufe chake.

Kamera hizi huzama. TG-6 ina uzito wa gramu 253 na haitaelea. Nunua kamba ya mkononi yenye boya la rangi ya chungwa au njano, uifunge kwenye kamera na kuijaribu kwenye ndoo kabla ya safari.

Kadi iwe ya V30, alama ya kasi ya kuandika video. Video ya 4K huandika kama megabiti 100 kwa sekunde, hivyo kadi ya GB 64 inabeba dakika 80 na kitu. Kadi bandia ni nyingi. Ijaze yote kwa programu ya kupima kama H2testw kabla hujaiamini.

Hatua ya 6: Jaribio la ndoo

Kwa kamera iliyotumika, iwe ya Kariakoo au Luthuli Avenue, hili ni la lazima. W300 na TG-6 hazitengenezwi tena, kwa hiyo nyingi utakazozikuta zimeshapita mikono.

Kwanza toa betri na utazame vidoto vya shaba vinavyogusana nayo. Ukijani au kutu maana yake maji ya chumvi yameshaingia, rudisha kamera. Vikiwa safi, acha betri na kadi nje, weka kipande cha tishu kavu kwenye nafasi ya betri, funga, izamishe kwenye ndoo ya maji baridi kwa dakika 15. Mapovu machache ya mwanzo hutoka kwenye mianya ya nje. Mapovu yanayofuatana kutoka sehemu moja ni uvujaji. Itoe, ikaushe nje kabisa, fungua mlango ukiwa umeelekea chini. Tishu iwe kavu.

Hatua ya 7: Kabla na baada ya bahari

Badilisha betri na kadi nyumbani, kamwe si ufukweni kwenye upepo wa mchanga. Futa sili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Ukitoka, usiache chumvi ikauke. Ndani ya saa moja itumbukize kamera kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika 10, mlango umefungwa, huku ukibonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke chini yake. Usiielekezee bomba lenye nguvu. Ifute, iache kivulini, na usiifungue mpaka mifereji ya nje imekauka. Chumvi iliyoganda ina ncha, na ukifunga mlango juu yake inakata mpira.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mwalimu, shikamoo. Simu yangu ina kinga ya maji ya IP68. Kwa nini ninunue kamera?

Jibu: Marahaba. Juu ya maji, hasa jioni, simu nzuri itaishinda kamera hizi kwa sababu sensa yake mara nyingi ni kubwa zaidi. Lakini IP68 ya simu hupimwa kwa maji matamu, watengenezaji wenyewe hawashauri kuogelea nayo, na kioo chake hakisikii vidole majini. Mfuko wa plastiki unasaidia dhidi ya mvua na mawimbi ya kwenye boti. Kuzama nao ni kuiweka simu na kila kilichomo kwenye dhamana ya mshono mmoja.

Swali (Mtwapa): Kamera mpya, haijavuja, lakini baada ya dakika kumi majini lenzi inaingia ukungu kwa ndani.

Jibu: Hiyo ni hewa yenye unyevu uliyoifungia ndani. Kamera ilipata joto juani, ukaitia kwenye maji yenye ubaridi, unyevu ukageuka umande kwenye kioo. Fungua na ufunge mlango chumbani penye kiyoyozi, ambako hewa ni kavu, na kwenye boti iweke chini ya kitambaa chenye unyevu, mbali na jua. Ukungu usiokwisha baada ya siku nzima, au matone yanayoonekana, hayo ni maji yaliyoingia.

Swali (Bagamoyo): Fundi kaniambia nipake vaselini kwenye sili ili iteleze. Ni sawa?

Jibu: Hapana, dada. Mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira, na yote hukamata mchanga. Grisi ya silikoni ni ya zile nyumba za nje za kuzamia, makasha yanayoifunika kamera nzima, kama PT-059 ya TG-6. Sili ya kamera yenyewe huachwa kavu na hubadilishwa kwa fundi wa kampuni. Olympus ilishauri kila mwaka.

Nyongeza ya mwanachama (Mombasa): Na ikianguka kwenye sakafu au jiwe, rudia jaribio la ndoo hata kama haina alama. Kinga ya kuanguka haihakikishi kwamba mlango bado unakaa vilevile.

Swali (Dar): Kaka, naenda Mafia kuona papa potwe. Nitumie mpangilio gani?

Jibu: Flashi izime, inamsumbua papa, na inawasha kila chembe iliyo mbele ya lenzi hadi picha ijae madoa meupe. Lenzi iwe pana kabisa, modi ya chini ya maji, jua mgongoni mwako. Papa huja kula vijidudu vya majini, hivyo maji ya huko yana ukungu. Piga video fupifupi, kisha toa picha humo. Kabla ya kuanza, pangusa lenzi kwa kidole chini ya maji, maana povu moja dogo likibaki kwenye kioo litaharibu safari nzima.

Swali (Zanzibar): Siku zipi maji huwa safi?

Jibu: Maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Siku za bamvua, inapojaa na kupwa sana, mkondo ni mkali na mchanga hutibuka. Kwa saa, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu.

Swali (Kilifi): Imeshaingia maji ya bahari. Niitie kwenye mchele?

Jibu: Mchele hauondoi chumvi. Izime, toa betri na kadi mara moja, usijaribu kuiwasha hata kidogo, uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo ikiwa wazi. Kadi ioshe kwa maji matamu na uikaushe, picha mara nyingi hupona. Betri iliyolowa chumvi usiichaji tena.