Umegongwa kidogo kwenye foleni? Hatua za kufuata, kuanzia barabarani hadi gari litoke gereji

Mwongozo huu ni wa ajali zile za kila siku Dar es Salaam: foleni ya Mwenge au Ubungo, mtu kakugonga nyuma, bampa imeachia, taa imepasuka, na wote wazima. Kama kuna aliyeumia, hata akisema hajambo, piga 112 na suala liende polisi moja kwa moja. Huyo atahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na hapo hakuna mazungumzo ya kuyamaliza wenyewe.

Kazi yangu ni kusimamia matengenezo ya bodi gereji, na nimewasindikiza wateja wengi polisi na kwenye ofisi za bima. Ninachokiona ni kwamba mwenye gari anapoteza fedha zake nyingi kwenye ile karatasi ya makadirio tunayoiita profoma. Hapo nitakaa sana; kwingine nitapita haraka.

Hatua ya 1: Picha, kisha ondoa gari

Washa hazadi, weka pembetatu, piga picha. Anza kwa mbali ili barabara yote ionekane na kila gari lilivyokaa, kisha namba za usajili, kisha penye uharibifu. Video fupi ya kuzunguka magari yote mawili inasaidia zaidi. Piga picha na leseni ya mwenzako. Magari yasogezwe pembeni baada ya hapo.

Hatua ya 2: Hakiki bima ya aliyekugonga

Usiridhike na stika atakayokuonyesha. Ingiza namba ya gari lake kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), uone kampuni, aina ya bima na tarehe ya kuisha. Fanya hivyo mkiwa bado mmesimama pamoja.

Bima ndogo, ile ya 118,000 kwa gari binafsi, inamlipa aliyegongwa tu. Gari la mwenye hiyo bima halimo. Kwa hiyo aliyekugonga akiwa na bima ndogo iliyo hai, wewe una pa kudai. Kama wewe ndiye uliyegonga na una bima ndogo tu, gari lako utalitengeneza kwa mfuko wako.

Hatua ya 3: Kuyamaliza wenyewe au kwenda polisi

Mkwaruzo wa rangi mnaweza kuumaliza hapo hapo. Ila andikianeni: jina, namba ya NIDA, namba za magari, kiasi, sahihi za wote wawili, na fedha itumwe kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Bampa ikiwa imesogea au taa imehama mahali pake, usikubali kiasi chochote barabarani. Sababu utaiona hatua ya 6.

Mwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, afanye hesabu kwanza. Mfano, matengenezo ni 350,000 na mkataba wako unasema 250,000 za mwanzo unajilipia. Kampuni itakupa 100,000, na mwakani unaweza kukosa punguzo la wasiodai. Kwa kiasi hicho mimi ningelipa mwenyewe.

Hatua ya 4: Karatasi za polisi

Usiondoke kituoni ukiwa na ahadi ya mdomo. Unahitaji PF 90, ambayo ni ripoti ya ajali, PF 93 ya ukaguzi wa gari, na mchoro wa eneo la ajali. Dereva aliyekosea akikubali kosa na kulipa faini, chukua nakala ya risiti yake, maana bima ya upande wake itataka ushahidi kwamba kosa ni lake. Kabla hujatoka soma namba ya gari, tarehe na majina herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosewa kwenye namba ya gari, dai linarudishwa na unaanza upya kupanga foleni.

Hatua ya 5: Toa taarifa kwa bima

Siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Wakala akikwambia ameshaisikia, tuma barua pepe hata hivyo.

Kama una bima kubwa na kosa si lako, ushauri wangu ni udai kwenye kampuni yako, kisha iachie idai kwa ile nyingine. Wewe ni mteja wao, wanakujua. Kwenye kampuni ya mwenzako unaingia kama mgeni.

Hatua ya 6: Profoma na mkadiriaji hasara

Sheria ya kwanza: fundi asiguse chochote mpaka mkadiriaji wa kampuni ya bima aone gari. Hata kunyoosha bampa kidogo ili buti lifungwe, hapana. Lifunge kwa kamba.

Sheria ya pili: bampa ifunguliwe mkadiriaji akiwepo. Hapa ndipo watu wanapoumia. Bampa za Vitz, IST, Harrier na magari mengi tuliyonayo ni za plastiki, na plastiki ikigongwa hubonyea kisha ikarudi. Kwa nje utaona mkwaruzo na klipu mbili zimevunjika, wakati chuma cha ndani ya bampa kimepinda na sakafu ya buti imekunjamana. Profoma ikiandikwa kwa kutazama nje, itasema rangi na klipu. Bima italipa rangi na klipu.

Kama umegongwa nyuma, angalia mwanya kati ya mlango wa buti na bodi: pima kwa kidole kushoto na kulia, ukitofautiana kuna chuma kimehama. Nyanyua zulia la buti, toa tairi la akiba, tazama kama rangi ya sakafu imepasuka au imejikunja. Kama umegongwa mbele, kondensa ya AC iko karibu kabisa na bampa na rejeta iko nyuma yake. Kondensa ikipata ufa mdogo, gesi ya AC inatoka polepole na utaligundua joto ndani ya gari wiki kadhaa baadaye, dai likiwa limeshafungwa. Shika taa uitikise. Kioo chake kinaweza kuwa kizima kabisa huku masikio yake yamekatika, na usiku mwanga utacheza. Taa ya ebegi ikiwaka kwenye dashibodi, ipigwe picha na iandikwe.

Profoma itenganishe spea, ufundi na rangi, kila kifaa kwenye mstari wake. Profoma ya mstari mmoja wenye jumla, irudishe. Mwambie fundi aongeze sentensi hii chini: «Uharibifu wa ndani utathibitishwa baada ya kufungua.» Hiyo ndiyo inayokufungulia mlango kazi ikianza na kikaonekana kingine. Kikionekana, simamisha kazi, piga picha kifaa kikiwa bado kwenye gari, mwite mkadiriaji, peleka profoma ya nyongeza, subiri kibali cha maandishi. Ukinunua kwanza ndipo uombe, mara nyingi hawalipi. Mafundi hawapendi kusimama katikati ya kazi, kwa hiyo mkubaliane mapema. Vifaa vya zamani usivitupe, kampuni inaweza kuvidai.

Hatua ya 7: Spea na rangi

Kati ya bampa mpya ya kuiga na mtumba halisi kutoka Japani, nachagua mtumba. Ya kuiga ni nyepesi, na matundu yake hayakutani na ya gari mpaka fundi alazimishe. Kariakoo, eneo la Gerezani, utapata zote mbili. Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe.

Rangi ichanganywe kwa namba ya rangi ya gari. Toyota huiandika kwenye kibati, mstari wa C/TR: 1F7 ni silva, 202 nyeusi, 070 nyeupe ya lulu. Hiyo 070 inataka tabaka tatu, na fundi akikupa bei ya tabaka mbili, bampa itatofautiana na bodi. Plastiki ipigwe praima yake kwanza, la sivyo rangi itabanduka. Usikubali fila nene juu ya bampa, itapasuka.

Hatua ya 8: Kuchukua gari na kusaini

Nenda mchana, rangi uitazame juani. Endesha, washa AC, mwagia maji buti lote kisha nyanyua zulia. Chukua risiti ya EFD.

Kampuni itakupa dischaji vocha usaini. Sahihi hiyo inamaanisha umepokea haki yako yote kwa ajali hiyo, kwa hiyo ije baada ya majaribio. Nyaraka zikishakamilika, Sheria ya Bima ya 2009 inaipa kampuni siku 45 kulipa. Zikipita, andika barua ya malalamiko kwa kampuni na nakala uipeleke TIRA. Mkishindwana, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatanisha nakala ya ile barua pepe ya hatua ya 5, tarehe yake ionekane.