Jinsi ya kumpima jenerali anayeletwa kunadi vita
Angalia kwanza nani kamwita, na kwa nini sasa. Mwaka 1967, uungaji mkono wa vita vya Vietnam ulipopungua, Rais Johnson alimrudisha nyumbani Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Vietnam: Aprili 28 jenerali huyo alihutubia Bunge la Marekani, na Novemba 21 akawaambia waandishi wa habari, Washington, kwamba mwisho umeanza kuonekana.

Kisha bana hesabu. Hapo ndipo watu hupigwa changa la macho. Nani kahesabiwa kuwa adui, nani kaondolewa? Makao makuu ya Westmoreland yaliwaondoa wanamgambo wa vijijini wa upande wa adui, idadi ya adui ikabaki chini ya 300,000, ingawa baadhi ya wachambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walipinga. Januari 30, 1968 yakaanza mashambulizi ya Tet, yaani mashambulizi makubwa ya wakomunisti wakati wa mwaka mpya wa Kivietnam.

Jenerali akitaja maiti za adui, uliza wapiganaji wapya wangapi wamejiunga.