Hesabu matundu ya vyoo kabla hujaenda kwa mkurugenzi

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, Dar es Salaam. Kila Desemba nashona sare za shule, sketi za bluu na mashati meupe, kwa hiyo huwa najua mapema kwamba darasa la kwanza la Januari litafurika. Mwaka ambao binti yangu alianza shule nilishona mpaka usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Asubuhi nilipompeleka nikakuta watoto wamekaa sakafuni kuanzia ubaoni hadi mlangoni, na mwalimu mmoja amesimama katikati hana pa kukanyaga. Wiki ile nilizunguka kuuliza ada za inglishi midiamu.

Sikumhamisha. Ada zilinishinda, huo ni ukweli, lakini kuna jambo jingine nililiona kwa wateja wangu. Kila mwaka wanaohama ni wale wanaojua kuandika barua na wenye namba ya diwani kwenye simu. Shule ya mtaa inabaki na wazazi wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, na hakuna wa kuisemea. Nimeisemea yetu kwa miaka kadhaa sasa. Nakuandikia njia niliyopita, pamoja na pale nilipokosea, ili wewe usipoteze miaka miwili niliyoipoteza mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenda kikao cha wazazi nikiwa na hasira tu. Nilisimama nikasema watoto wamejaa, vyoo vinanuka, walimu hawatoshi. Watu wakapiga makofi. Mgeni kutoka halmashauri akasema "changamoto tumezipokea", kikao kikafungwa kwa dua. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu hakuna nilichompa cha kupeleka ofisini. Kilio hakiingii kwenye bajeti. Kinachoingia ni namba.

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu. Usianze kabla hujaongea na mwalimu mkuu. Nenda ofisini kwake siku ya kawaida, umsalimie, umweleze kwamba hukuja kumkagua. Walimu wa shule zilizojaa wameshazoea wazazi wanaofika na lawama tu. Mwalimu mwenye watoto 160 darasani akisahihisha daftari moja kwa dakika moja tu, zinamtoka saa mbili na dakika arobaini, kwa somo moja. Huyo ndiye mwenzako wa kwanza. Wetu aliponielewa alinifungulia mwenyewe rejista ya mahudhurio.

Chukua kaunta buku. Andika wanafunzi waliosajiliwa, wasichana peke yao na wavulana peke yao; vyumba vya madarasa vinavyotumika; walimu waliopo; madawati mazima, si yale yaliyorundikwa nyuma ya stoo; mabomba yanayotoa maji siku uliyofika; na matundu ya vyoo. Kwenye vyoo ingia mwenyewe. Tundu lililojaa, au lisilo na mlango, usilihesabu, hata kama kwenye taarifa lipo. Mama mmoja mwenzangu alikaa pale mapumziko ya saa nne akihesabu wasichana waliopanga foleni na wangapi kengele iliwakuta bado hawajaingia. Karatasi yake ile moja ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba zangu zote.

Ukishapata namba zako, ziweke pembeni ya viwango vya serikali yenyewe. Darasa moja linatakiwa liwe na wanafunzi 45. Tundu moja la choo ni kwa wasichana 20, na kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa na wanafunzi 2,400: wasichana 1,230 na wavulana 1,170. Gawanya. Wasichana walihitaji matundu 62, wavulana 47, jumla 109. Mazima yalikuwa 16, tisa ya wasichana na saba ya wavulana. Maana yake tundu moja lilikuwa la wasichana zaidi ya 130. Ukisema "vyoo havitoshi" afisa ataitikia kwa kichwa. Ukimwambia 109 na 16, atachukua kalamu.

Jua na hela, maana hapo ndipo wazazi wengi tunamwonea mwalimu mkuu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, fedha za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichokuwa kinatumika tulipofanya hesabu zetu ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Zinazofika shuleni ni 6,000, yaani 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Kwa watoto 2,400 hiyo ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Humo ndimo zinatoka chaki, karatasi za mitihani, michezo na ukarabati. Mwaka 2021 yale madarasa ya fedha za UVIKO (korona) yalijengwa kwa milioni 20 kila moja. Mwalimu mkuu angekaa karibu miezi 17 bila kununua hata chaki ndipo apate chumba kimoja. Kwa hiyo madarasa na vyoo si vya kumdai yeye. Vinadaiwa halmashauri na wizarani. Yeye mdai ubao wa matangazo: mapato na matumizi ya shule yanatakiwa yabandikwe mahali mzazi anaweza kuyasoma. Yasipobandikwa, uliza kwa upole, na mwezi unaofuata uliza tena.

Pale pa kuulizia panaitwa kamati ya shule. Mwenyekiti wake ni mzazi, katibu ni mwalimu mkuu. Wengi wetu huwa hatuendi siku ya kuchagua wajumbe, halafu tunashangaa kamati imelala. Nenda siku hiyo na wazazi kumi mliokubaliana. Mimi niliingia kwa kura chache sana, kwa sababu ukumbini tulikuwa wachache. Usigombee peke yako. Tafuta na baba mmoja, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Kwetu mama wa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu ndiye aliyetuonyesha kwamba hakuna darasa hata moja mtoto wake angeweza kuingia bila kubebwa. Mimi nilikuwa nimepita kwenye ngazi zile kwa miaka bila kuliona hilo.

Sasa barua. Hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima. Barua yetu ya kwanza niliipeleka mwenyewe ofisi moja, nikaiacha mapokezi, nikaondoka. Miezi minne baadaye wakasema hawajawahi kuiona, na sikuwa na cha kuwaonyesha. Tangu siku ile nachapisha nakala mbili. Moja naiacha, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele yangu, na siondoki kabla ya muhuri. Nakala zenye mihuri nazitunza kwenye faili moja la plastiki.

Barua iwe ukurasa mmoja. Iandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ipitie kwa Afisa Mtendaji wa Kata, nakala kwa diwani na Afisa Elimu Kata. Kichwa chake kiseme jambo moja tu. Chetu kilikuwa hivi:

YAH: UPUNGUFU WA MATUNDU 93 YA VYOO NA OMBI LA KUINGIZWA KATIKA BAJETI YA MWAKA UJAO WA FEDHA

Chini yake aya tatu. Ya kwanza namba zenu na tarehe mliyohesabu. Ya pili kiwango cha serikali. Ya tatu ombi, likiwa na idadi na mahali: "tunaomba matundu 40 kwa kuanzia, yakiwemo ya watoto wenye ulemavu na chumba cha wasichana kujisitiri wakati wa hedhi." Kisha majina na saini za wazazi. Tulipata saini 212. Nyingi zilikusanywa kwenye banda langu la cherehani na kwa mama anayechoma mihogo mbele ya geti la shule. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba.

Mkihitaji takwimu ambazo shule haina, kwa mfano fedha zilizotengwa kwa kata yenu, ombeni kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki hiyo, na ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Itajeni kwenye barua kwa heshima, sentensi moja inatosha.

Na ipelekwe kwa msimu wake. Hili ningependa ulikumbuke kuliko yote. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake inapikwa miezi mingi kabla. Barua yetu ya pili ilifika Aprili. Afisa aliyeipokea alikuwa mwungwana, akatuambia wazi: bajeti imeshafungwa, rudini mwakani. Siku hizi tunahesabu Agosti, tunaandika Septemba, na ifikapo Oktoba hoja yetu iko mtaani. Ipitisheni kwanza kwenye mkutano wa mtaa, iingie kwenye muhtasari, kwa sababu kutoka hapo inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu. Ikitoka hapo ikiwa kipaumbele cha kata, diwani ana cha kushikilia kwenye Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza ni vya wazi. Mkae hata watano mle ndani siku bajeti inapojadiliwa, mmevaa vizuri, mmenyamaza. Diwani wetu aliwahi kutuambia kwamba siku aliyotuona pale nyuma hakuweza kuiruka shule yetu.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, na ambalo tulikaribia kulikosea vibaya. Katikati ya safari tulichoka kusubiri, baadhi ya wazazi wakapendekeza kila mtoto alete elfu kumi tujenge wenyewe. Kwa mwenye duka elfu kumi ni kidogo. Kwa mama wa vibarua mwenye watoto watatu pale shuleni ni chakula cha siku kadhaa. Serikali imekataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ile ya lazima mashuleni. Lakini hata asiporudishwa, mtoto ambaye jina lake halina alama kwenye orodha anajua, na wenzake wanajua. Tukiwa na la kuchangia, tunachangia kwa hiari na bila orodha ya kubandika: mwashi anatoa siku yake moja, mwenye toroli anabeba mchanga, mimi nashona mapazia ya darasa la awali. Mtoto yeyote asihusishwe na alichotoa mzazi wake.

Ukitetea shule ya mtaa wako, tazama na ya mtaa wa pili. Kata yetu ina shule nyingine bondeni, wazazi wake hawana faili wala saini, na hali yao ilikuwa mbaya kuliko yetu. Diwani alikuwa na fedha za kuanzia sehemu moja tu. Tulibishana sana kwenye kamati, nami nasema kwa moyo mmoja kwamba waliosema tuwasaidie kuhesabu walikuwa sahihi. Tulienda na kaunta buku, tukakaa na wazazi wa kule Jumamosi mbili, na barua iliyofuata ilikuwa ya kata, ikiwa na jedwali la shule zote mbili. Kama kigezo ni nani anapiga kelele zaidi, watoto wa bondeni wangesubiri milele. Kigezo kikiwa idadi ya watoto kwa tundu, kila mmoja anaona zamu ni ya nani. Wao walianza.

Sisi tulipata mwaka wa fedha uliofuata. Tuliomba 40, tukapata 24, kumi na manne yakiwa ya wasichana. Tundu moja sasa ni la wasichana kama 53, bado ni zaidi ya mara mbili ya kiwango, na barua ya Septemba imebadilika namba tu.

Fedha zikiingia, kazi yenu haijaisha. Miradi mingi ya shule inajengwa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule yenyewe, na kunakuwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Wazazi waingie humo. Kwenye mapokezi weka mtu anayeamka mapema na asiyeona haya kuhesabu mifuko ya saruji moja moja mbele ya dereva kabla ya kusaini. Andika tarehe, idadi, namba ya gari. Nondo zipimwe unene. Fundi wa mtaani atakuonyesha jinsi. Shimo lipimwe kina kabla halijafunikwa, kwa sababu likishafunikwa hakuna tena wa kujua.

Darasa la kwanza wanaanza kuandikishwa mwishoni mwa mwaka. Uliza idadi yao mapema, na kama shule yenu ina zamu mbili, ihesabu na ya mchana.